Maillart: Mhandisi aliyepuuzwa na miji, akajengea kijiji daraja la kifahari

KIJIJI cha Schuders kimejibanza kwenye mteremko wa mlima mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake hawajawahi kuwa wengi, na kwa vizazi riziki yao imetokana na ng'ombe, malisho na msitu.

Mji wa Schiers, ambako treni husimama na maduka hupatikana, uko chini bondeni. Kati ya mji huo na kijiji pana korongo liitwalo Salginatobel, lenye kuta za mwinuko mkali na kijito kinachosikika kabla ya kuonekana.

Mnamo Agosti 1930 korongo hilo lilipata daraja. Ni tao moja jembamba la zege lenye upana wa mita 90 kutoka ukingo hadi ukingo, likibeba barabara ambayo upana wake ni kama mita tatu na nusu tu. Gari moja likipita, jingine hulazimika kungoja.

Daraja hilo limeorodheshwa miongoni mwa mali za urithi wa kitaifa nchini Uswisi. Mwaka 1991 Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani kililitambua kuwa kumbukumbu ya kimataifa ya historia ya uhandisi, heshima ambayo kwa kawaida huendea kazi kubwa zilizogharimu mamilioni na kuunganisha miji mikuu.

Aliyelibuni ni Robert Maillart. Wenye Schuders na serikali ya jimbo lao hawakumwomba kitu cha kupendeza. Walihitaji barabara, na fedha zilikuwa haba. Uhaba huo ndio uliompa nafasi ambayo miji yenye hazina nono ilimnyima kwa zaidi ya miaka 20.

Maillart alizaliwa jijini Bern mnamo Februari 6, 1872. Baba yake, Edmond, alikuwa mwanabenki mwenye asili ya Ubelgiji, na alifariki Robert akiwa bado mtoto wa miaka miwili hivi. Mzigo wa malezi ukamwangukia mama yake, Bertha.

Mwaka 1890 alijiunga na chuo cha teknolojia cha Zurich, ambacho leo hujulikana kwa ufupisho wa ETH, akasomea uhandisi wa ujenzi hadi 1894. Hapo alikutana na mwalimu aliyeacha alama ya kudumu katika fikra zake, Profesa Wilhelm Ritter.

Ritter alikuwa mtaalamu wa kupima nguvu zinazopita ndani ya jengo kwa kuzichora badala ya kuzitafuta kwa milolongo mirefu ya hesabu. Aliwafunza wanafunzi wake kwamba hesabu rahisi inayoeleweka ina manufaa kuliko hesabu ndefu inayomficha mhandisi ukweli wa jengo lake. Aidha, aliamini kuwa hakimu wa mwisho ni jengo lenyewe, likishapakiwa mizigo na kupimwa.

Somo hilo Maillart hakulisahau. Baadaye lilimtia katika mivutano na wasomi waliodhani kwamba kazi isiyo na kurasa tele za hesabu ni kazi ya kubahatisha.

Alipohitimu, zege lenye vyuma lilikuwa jambo geni. Saruji ikichanganywa na mchanga, kokoto na maji hukauka na kuwa kama jiwe: hustahimili kubanwa lakini hupasuka upesi ikivutwa. Vyuma vikizamishwa ndani yake huziba udhaifu huo. Mfaransa François Hennebique alikuwa akieneza mbinu hiyo kote Ulaya katika miaka ya 1890, na wakandarasi walikuwa wakiikumbatia huku wengi wakiendelea kujenga kwa zege vitu vyenye maumbo yaleyale ya mawe au ya mbao.

Maillart alijiuliza zege lingependa kuwa na umbo gani lake lenyewe. Hilo ndilo swali lililomshughulisha hadi kaburini.

Baada ya kufanya kazi katika kampuni moja ya Bern, aliajiriwa na idara ya ujenzi ya jiji la Zurich mnamo 1897. Huko alisanifu daraja la Stauffacher lililokamilika 1899 juu ya mto Sihl. Lilikuwa tao la zege lenye bawaba tatu, yaani viungo vinavyoliruhusu kujikunja kidogo bila kupasuka: viungo viwili miguuni na kimoja kileleni.

Lakini wakuu wa jiji hawakutaka umma uone zege. Msanifu wa jiji, Gustav Gull, alilivika daraja hilo nguo ya mawe yaliyochongwa, na anayelitazama kutoka ukingoni huona mawe na nakshi. Kazi ya mhandisi ikabaki imefichwa nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya miji ya wakati huo, na kwa kijana wa miaka 27 ilikuwa dokezo la mambo yatakayomfuata.

Mwaka huohuo aliacha kazi ya jiji akahamia kampuni ya Froté na Westermann. Kule Zuoz, kijiji cha milimani katika jimbo la Graubünden, palihitajika daraja la kuvuka mto Inn. Fedha zilikuwa chache na hapakuwa na msanifu wa jiji wa kudai mapambo.

Desturi ilikuwa kwamba tao ndilo linalobeba kila kitu. Kuta za pembeni na sakafu ya barabara vilikuwa mzigo tu uliokalia mgongo wa tao, kama gunia juu ya punda. Maillart aliviunganisha vyote vitatu. Tao, kuta na sakafu vikawa kitu kimoja kilicho mfano wa sanduku lenye uwazi ndani, kila upande ukisaidia mwingine kubeba.

Kwa njia hiyo zege lilipungua na uzito ukashuka. Ritter mwenyewe aliitwa kuukagua mpango huo, akauidhinisha. Daraja la Zuoz lenye upana wa mita 38 lilikamilika 1901, na hapo awali hakuna aliyekuwa amejenga daraja la zege la namna hiyo.

Mwaka huohuo Maillart alimwoa Maria Ronconi, Mwitaliano kutoka Bologna. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake ya ujenzi.

Mnamo 1903 aliitwa tena Zuoz. Nyufa zilikuwa zimejitokeza katika kuta za pembeni, karibu na mahali daraja linapokutana na kingo za mto. Hazikuwa za kutishia usalama, na mjenzi mwingine angezipaka saruji aondoke zake.

Maillart alizichunguza na kuelewa zinasema nini. Sehemu ile ya ukuta iliyopasuka haikuwa na kazi. Ilikuwa ikikauka na kusinyaa huku imeshikwa pande zote, na kwa kuwa haikuhitajika kubeba chochote, ilipasuka. Akaamua kwamba katika daraja litakalofuata, sehemu hiyo itaondolewa kabisa.

Daraja lililofuata la namna hiyo lilijengwa Tavanasa mnamo 1905, juu ya mto Rhine karibu na chimbuko lake, likiwa na upana wa mita 51. Pale ambapo Zuoz palikuwa na nyufa, Tavanasa palikuwa na uwazi wa pembetatu. Tao lilianza likiwa jembamba miguuni, likanenepa katikati ya safari ya kupanda, kisha likawa jembamba tena kileleni palipokuwa na bawaba.

Umbo hilo lilifuata hitaji lenyewe: lilikuwa nene pale nguvu zilipokuwa nyingi na jembamba pale zilipokuwa chache. Halikuwa na nakshi hata moja. Kwa macho ya leo ni jambo la kustaajabisha kuwa ufa ulizaa mojawapo ya maumbo mazuri zaidi katika historia ya ujenzi.

Macho ya 1905 hayakuliona hivyo. Watu walikuwa wamezoea madaraja ya mawe yanayoanza manene ardhini na kupungua kadiri yanavyopanda, na tao lililosimama kwa ncha za vidole liliwatia shaka. Waamuzi wa mashindano ya usanifu mijini waliendelea kupendelea maumbo mazito yanayofanana na mawe. Kwa zaidi ya miaka 20, Maillart hakupata nafasi ya kujenga daraja jingine kubwa la mfano wa Tavanasa.

Ilimbidi atafute riziki kwingine, akaipata katika majengo ya viwanda na maghala. Mnamo 1909 alipata hataza ya sakafu isiyo na boriti. Badala ya sakafu kukalia boriti na boriti kukalia nguzo, kichwa cha nguzo hupanuka taratibu kama uyoga na kushika sakafu moja kwa moja. Ghala la Giesshübel jijini Zurich, lililojengwa 1910, lilikuwa la kwanza kutumia mbinu yake hiyo. Ikumbukwe kwamba Mmarekani C.A.P. Turner alikuwa ametangulia kujenga sakafu za aina hiyo kwa njia yake mwenyewe.

Mbinu hiyo ilimletea fedha, sifa na mwaliko wa kujenga nchini Urusi, ambako viwanda vilikuwa vikiongezeka kwa kasi. Kampuni yake ilipanuka, na kufikia 1914 alikuwa tajiri.

Kiangazi cha mwaka huo alikuwa karibu na Riga, leo mji mkuu wa Latvia, pamoja na mkewe na watoto. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka mwezi Agosti, njia ya kurudi nyumbani ilifungwa.

Familia hiyo ilibaki katika himaya ya Urusi. Majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, Maillart alisogea ndani zaidi hadi Kharkiv, katika Ukraine ya leo, ambako alijenga viwanda vikubwa.

Mwaka 1916 Maria alifariki, akimwacha mumewe na watoto katika nchi ya ugenini iliyokuwa vitani. Mwaka uliofuata mapinduzi yalizuka. Mali ya Maillart, vifaa vyake, mikataba na fedha alizodai, vyote vilipotea katika dhoruba hiyo.

Alirejea Uswisi mwishoni mwa 1918 akiwa na watoto na mlima wa madeni. Alikuwa na umri wa miaka 46. Kampuni aliyoianzisha hakuwa nayo tena, na mtaji wa kuanzisha nyingine hakuwa nao.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa kuwa hangeweza tena kuwa mkandarasi mwenye mashine na vibarua, Maillart alifungua ofisi ndogo ya usanifu jijini Geneva, akafanya kazi ya kuchora na kukokotoa, huku wengine wakijenga. Matawi ya Bern na Zurich yalifuata miaka michache baadaye.

Inaweza kusemwa kwamba hasara hiyo ilimrudisha kwenye madaraja. Mkandarasi tajiri angeendelea na maghala yenye faida. Msanifu mwenye madeni alilazimika kupokea kazi ndogondogo, na kazi ndogondogo zilikuwa vijijini.

Majimbo ya Graubünden na Bern yalikuwa na mabonde mengi yaliyohitaji barabara lakini hayakuwa na fedha za kuchezea. Wahandisi wa majimbo hayo walitaka michoro ya bei nafuu, nao wazee wa vijiji hawakujali iwapo daraja lilifanana na kasri. Soko hilo lilimfaa Maillart.

Katika miaka ya 1920 alibuni aina ya pili ya daraja. Safari hii tao likawa jembamba kupindukia, na ugumu wote akaupeleka juu kwenye sakafu na kuta za kando ya barabara. Mzigo ukipita, barabara ngumu huusambaza ili tao lisibebe mahali pamoja tu. Daraja la Valtschielbach, lililojengwa 1925 karibu na kijiji cha Donat, lina upana wa mita 43, ilhali tao lake halifikii unene wa sentimita 30.

Kisha mnamo Septemba 1927 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Graubünden. Maporomoko ya udongo na mawe yalishuka Tavanasa na kulisomba daraja lake la 1905. Daraja lililochukua mahali pake halikuwa lake.

Wakati huohuo jimbo lilikuwa likipanga barabara ya kutoka Schiers hadi Schuders. Mwaka 1928 wakandarasi walialikwa kuwasilisha michoro pamoja na bei. Maillart alishirikiana na mkandarasi Florian Prader.

Michoro 19 ilipokelewa. Wa Maillart na Prader ulikuwa wa bei ya chini kuliko yote, na ndio ulioteuliwa. Kwa jumla, daraja na barabara viligharimu faranga 700,000 hivi za Uswisi.

Maillart alichukua lile umbo la Tavanasa lililozikwa na matope na kulikuza hadi mita 90. Bawaba tatu zilibaki, ili zege lipate kutanuka wakati wa kiangazi na kusinyaa wakati wa theluji bila kupasuka. Ukingo mmoja wa korongo ni wa juu kuliko mwingine, hivyo barabara ilipangwa ipande taratibu ikielekea Schuders.

Bei ya chini ilitokana kwa sehemu kubwa na kitu kisichoonekana leo. Ili kumwaga zege la tao, ni lazima kwanza pajengwe kiunzi cha mbao cha kulishika hadi likauke. Juu ya korongo lenye kina kama hicho, kiunzi chaweza kugharimu pesa nyingi na hata uhai wa watu.

Ujanja wa Maillart ulikuwa kumwaga kwanza bamba jembamba la chini peke yake. Kiunzi kilihitajika kubeba bamba hilo tu. Likishakauka, lenyewe liligeuka kuwa kiunzi cha kubeba kuta na barabara. Kwa hiyo mbao zilizohitajika zilikuwa chache na nyepesi.

Kiunzi chenyewe kilijengwa na Richard Coray, fundi mashuhuri wa viunzi vya madaraja katika milima ya Graubünden. Picha za 1929 zinaonyesha utando wa mbao ulioshika kuta mbili za jabali na kukutana katikati, pasipo chochote chini yake ila hewa. Kuna wanaoona kwamba kazi hiyo ya Coray ilikuwa ya ujasiri sawa na daraja lenyewe, nao hawako mbali na ukweli. Bahati mbaya ya fundi wa kiunzi ni kwamba kazi yake ikifaulu hubomolewa.

Mnamo Agosti 1930 daraja lilifunguliwa. Mirko Roš, mkuu wa maabara ya kitaifa ya kupima vifaa vya ujenzi, alilipakia mizigo na kulipima, sawa na alivyofunza Ritter. Roš aliyapima madaraja kadhaa ya Maillart, na matokeo ya vipimo yaliendelea kumtetea mbele ya wapinzani wake.

Katika mwaka huohuo wa 1930 Maillart alikamilisha kazi nyingine, na kuzilinganisha mbili hizo ni kuelewa maisha yake yote. Jiji la Bern, mahali alipozaliwa, lilizindua daraja la Lorraine juu ya mto Aare. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wake. Tao lake ni la mita 82, pungufu kidogo ya lile la Salginatobel.

Lakini Lorraine ni daraja la jiji, lililosanifiwa pamoja na wasanifu majengo na kujengwa kwa matofali makubwa ya zege yaliyopangwa mfano wa mawe. Ni imara, ni pana na lingali linabeba magari mengi. Ni zito, na hakuna anayefunga safari kutoka bara jingine kwenda kulitazama. Nabii hakubaliki kwao.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Daraja la Rossgraben lilijengwa 1932, na Schwandbach 1933, yote mawili katika maeneo ya mashambani ya jimbo la Bern. Daraja la Schwandbach lilimkabili Maillart na tatizo jipya: barabara inapinda ikiwa juu ya korongo.

Wengine wangenyoosha barabara ili kuepuka kero. Maillart aliifuata kona. Sakafu ya barabara inazunguka kama utepe, huku tao jembamba lililo chini yake likisimama wima, na vibamba vyembamba vikiunganisha mpindo wa juu na tao la chini. Gari hupita bila dereva kuhisi kwamba amevuka kitu cha pekee.

Mwaka 1934 lilikuja daraja la waendao kwa miguu juu ya mto Töss, karibu na Winterthur, na 1936 daraja la Vessy juu ya mto Arve, jirani na Geneva, lenye nguzo za umbo la herufi X.

Hata hivyo, sifa hizo hazikuvuma katika vyuo. Baadhi ya maprofesa waliendelea kushuku hesabu zake, wakidai kwamba mbinu zake fupi hazikutosheleza. Maillart aliwajibu kwa makala katika jarida la wahandisi wa Uswisi. Ni yeye aliyeeleza, mnamo 1921, kwa nini boriti ya umbo fulani hujisokota inapobebeshwa mzigo ambao wengi walidhani uko katikati yake. Leo maelezo hayo ya kitovu cha mkato hufunzwa kwa kila mwanafunzi wa uhandisi, na wengi wao hawajui yalitoka kwa mtu aliyedaiwa kuwa mchache wa nadharia.

Kazi yake ya mwisho iliyowashangaza watu haikuwa daraja. Katika maonyesho ya kitaifa ya Uswisi jijini Zurich mnamo 1939, watengenezaji wa saruji walitaka ukumbi wa kuonyesha uwezo wa bidhaa yao. Maillart aliwajengea kuba refu lililo wazi mbele na nyuma, ambalo unene wake ulikuwa sentimita sita tu.

Ukumbi huo haukukusudiwa kudumu. Maonyesho yalipokwisha ulibebeshwa mizigo kwa majaribio, kisha ukabomolewa.

Maillart alifariki jijini Geneva mnamo Aprili 5, 1940, akiwa na umri wa miaka 68. Ulaya ilikuwa tayari vitani tena, na kifo cha mhandisi wa madaraja ya vijijini hakikuwa habari kubwa.

Umaarufu ulianza kumfuata kaburini mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1941 mwanahistoria wa usanifu Sigfried Giedion alimtaja kwa mapana katika kitabu chake kuhusu usanifu wa kisasa. Mnamo 1947 Makavazi ya Sanaa ya Kisasa jijini New York yaliandaa maonyesho ya kazi zake, na miaka miwili baadaye msanii Max Bill akachapisha kitabu cha picha na maelezo ya madaraja yake. Kazi zilizokuwa zimeteuliwa kwa sababu ya bei ziliwekwa sasa ukutani pamoja na michoro na sanamu.

Baadaye Profesa David Billington wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alitumia miaka mingi akikusanya michoro, barua na hesabu za Maillart. Vitabu vyake ndivyo vilivyomweka mhandisi huyo mahali alipo leo katika historia.

Sifa huleta wageni, nao urithi huleta bili. Zege la Salginatobel lilikuwa limepigwa na maji, barafu na theluji kwa miongo mingi, na mahali fulani vyuma vilianza kupata kutu. Marekebisho ya kwanza makubwa yalifanywa katika miaka ya 1970 ili kuzuia maji kupenya kwenye sakafu.

Marekebisho makubwa zaidi yalifuata mwaka 1997 na 1998. Kuta za kando ya barabara ziliundwa upya na uso wa zege ukatengenezwa. Mafundi walikabiliwa na swali ambalo hulikabili kila jengo la kumbukumbu: kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha?

Zege la 1930 lilimwagwa ndani ya mbao za msituni, na kila ubao uliacha alama ya mistari na mafundo yake juu ya uso wa daraja. Kupaka saruji laini kungekuwa rahisi, lakini kungefuta alama hizo. Waliamua kuzihifadhi, na pale uso ulipotengenezwa upya walijitahidi kuzirudisha.

Madaraja mengi ya Maillart yangali yamesimama. Zuoz, lile la kwanza lililopasuka, limepita umri wa miaka 120. Schwandbach lingali kwenye kona yake. La Tavanasa limebaki katika picha, na ukumbi wa saruji wa Zurich pia.

Barabara ya Schiers hadi Schuders ingali nyembamba, na chini kidogo ya daraja pana njia ya miguu inayomwezesha mgeni kulitazama kutoka upande wa korongo. Akilitazama kutoka hapo huona lile tao jembamba miguuni na kileleni, na juu yake gari la mwanakijiji likirudi nyumbani.